Naomba ushauri: imeji mpya ya ruta haimaliziki kunakiliwa, je, niifomati flashi?

Mwenye uzi, Chake Chake
Assalamu alaikum ndugu zangu. Nimekabidhiwa ruta ya Cisco iliyokwishatumika ili niifunge katika chumba cha kompyuta cha skuli moja hapa Chake. Flashi yake, yaani kumbukumbu inayohifadhi faili hata umeme ukizimwa, ni ya megabaiti 128, na imeji ya zamani, yaani faili la programu inayoendesha ruta, imo na inawaka vizuri. Ninapoingiza imeji mpya yenye baiti 41,205,312 kwa TFTP (njia rahisi ya kuhamisha faili kwenye mtandao) kutoka kwenye laptopu yangu, alama za mshangao hutiririka kwenye skrini kwa muda mrefu, kisha kazi hukatika. Nimejaribu mara tatu, na mara zote imeishia kwenye baiti 33,553,920. Nahofia unyevu wa huku kwetu umeshaiharibu flashi, na nafikiria kuifomati nianze upya.

Mchangiaji, Wete
Waalaikumu salaam. Tafadhali ndugu yangu, usiifomati. Utafuta imeji pekee inayowaka, na umeme ukikatika kabla mpya haijaingia, ruta itabaki kwenye ROMMON, ile programu ndogo ya dharura ya ruta isiyo na imeji ya kuwakia. Kukatika kwenye baiti ile ile mara tatu si lazima kuwe ni flashi mbovu. Igawe idadi hiyo kwa 512 na utapata 65,535 kamili: TFTP hupeleka data kwa vipande vya baiti 512, na namba ya kipande ina biti 16 tu, kwa hiyo programu ya zamani isiyojua kuanza tena kuhesabu kutoka sifuri hugota hapo. Tumia seva mpya zaidi ya TFTP, au FTP, njia nyingine ya kuhamisha faili.

Faili likishaingia, usitosheke na ukubwa wake. Andika "verify /md5 flash:" pamoja na jina la faili, kisha linganisha alama zote 32 za MD5, ambazo hubadilika faili likiharibika, na zile alizotoa mtengenezaji. Mimi husoma nne nne kwa sauti huku mwenzangu akifuata kwenye karatasi, kwa sababu jicho lililochoka hutazama mwanzo na mwisho tu.

Mchangiaji, Mkoani
Naongezea jambo. Kwa kuwa ruta hiyo imeshapita mikononi mwa watu, tazama mstari wa mwisho wa "show version", unaoonyesha rejista ya mipangilio, yaani namba inayoiambia ruta namna ya kuwaka. Ukikuta 0x2142 badala ya 0x2102, ruta haisomi mipangilio iliyohifadhiwa, hivyo amri yako ya "boot system", inayochagua imeji ya kuwakia, haitafuatwa. Itawaka kwa imeji ya kwanza inayoikuta kwenye flashi, nawe utadhani mpya ni mbovu. Na hiyo ROMMON mimi nimeionja: imeji ya megabaiti 30, kwa Xmodem (njia ya zamani ya kupeleka faili) kupitia kebo ya konsoli kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, ilinikalisha tangu baada ya Isha hadi adhana ya Alfajiri.

Mwenye uzi, Chake Chake
Nawashukuru sana. Kwa FTP faili limeingia lote, na alama 32 zimelingana. Rejista kweli ilikuwa 0x2142; nimeirekebisha, nimehifadhi mipangilio, na ruta imewaka kwa imeji mpya. Ile ya zamani nimeiacha humo humo kwenye flashi, maana nafasi ingalipo.