Naomba ushauri: marejesho makubwa au mtawanyiko mdogo?

Shupaza9: Wakuu habari zenu. Nimekwama kati ya mashine mbili za video poka. Jacks or Better 9/6 inarejesha 99.54%, mtawanyiko (kipimo cha matokeo yanavyoyumba) 19.5. Double Bonus 10/7 inarejesha 100.17%, ila mtawanyiko wake unapita 28. Akili inasema nifuate asilimia, roho inasita. Mngekuwa ninyi mngekaa wapi?

Mama Hesabu: Hizo 9/6 na 10/7 ni malipo ya fulu hausi (karata tatu za namba moja na mbili za nyingine) na flashi (tano za alama moja). Asilimia hizo ni za mtu asiyekosea kushika karata na anayeweka sarafu tano kila mkono. Wewe unaweka ngapi, na mtaji wako ukoje?

Kijogoo: Deuces Wild ya malipo kamili, ile ambayo karata ya 2 inakaa badala ya yoyote, 100.76%. Mjadala umefungwa.

Mtumishi: Ndugu zangu, kamari ni kamari hata mkiipaka desimali.

Kijogoo: Mtumishi, na wewe umefuata nini huku?

Shupaza9: Mtaji unatosha. Nataka kujua mashine tu.

Mama Hesabu: "Unatosha" si namba, mdogo wangu.

Shupaza9: Haya. Sarafu 300, naweka moja moja. Kuna ubaya gani? Tano tano zingeniondoa mapema.

Mama Hesabu: Ubaya uko kwenye royal flashi, 10 hadi ree za alama moja, mkono unaolipa kuliko yote. Kwa sarafu tano inalipa 4,000, yaani 800 kwa kila sarafu. Kwa sarafu moja inalipa 250. Jacks or Better inashuka hadi karibu 98.4%, na 10/7 yako haifiki tena 100%. Halafu kuna jambo wengi hawaliangalii: katika ule mtawanyiko wa 19.5, karibu 16 ni wa royal peke yake. Ikilipa 250, Jacks or Better inabaki na 5 hivi, mashine tulivu kabisa. Double Bonus inabaki na 16, kwa sababu fedha yake imefichwa kwenye karata nne za aina moja.

Kama mashine inakubali thamani ndogo ya sarafu, shusha hadi moja ya tano, kisha weka tano. Dau ni lilelile, royal inarudi 800.

Shupaza9: Hii ndiyo thamani ya chini kabisa. Na Double Bonus nimeshaizoea. Ree nne na karata ya 3 pembeni zilinilipa 400 kwa sarafu moja! Jacks or Better ingenipa 25.

Karata Chafu: Hebu ngoja. Double Bonus haiangalii karata ya pembeni. Ree nne ni 160, basi. Hii stori imetungwa.

Kijogoo: Nilijua tu. Jamaa anachezea kwenye daftari.

Shupaza9: Sijatunga chochote. Jedwali hili hapa: fulu hausi 9, flashi 6, streti 4, jozi mbili 1, ree nne 160, zikiwa na 2, 3 au 4 ni 400.

Karata Chafu: Basi hiyo ni Double Double Bonus 9/6. Kwa sarafu tano 98.98%, mtawanyiko 42. Kwa moja, karibu 97.7%. Ile 100.17% ni ya mashine nyingine. Mimi bado sijakuamini.

Mama Hesabu: Awe katunga au hakutunga, hesabu ni hii. Mikono 1,000 ya sarafu moja kwenye Jacks or Better: wastani unapoteza 16, na kuyumba kwa kawaida ni 72 juu au chini. Kwenye hiyo yako unapoteza 23, kuyumba 167. Kuyumba mara mbili ya hapo si ajabu, na 300 zimekwisha. Jozi mbili huja takriban mara moja katika mikono minane. Jacks or Better inazilipa 2, hiyo inakurudishia dau tu.

Shupaza9: Nimekuelewa, ila nitabaki nayo. Nitakuwa makini.

Karata Chafu: Haya, umepewa ree tatu na tisa mbili. Unashika nini?

Shupaza9: Zote. Fulu hausi hiyo, 9 ziko mkononi.

Karata Chafu: Tupa tisa zote mbili. Ree tatu ukivuta karata mbili zina wastani wa 12.7 kwenye jedwali lako. Kwenye Jacks or Better ni 4.3, huko ndiko unaposhika zote. Ukicheza mashine hii kwa mkakati wa ile, hata hiyo 97.7% hutaiona.

Kijogoo: Kwenye Deuces Wild ree ni karata kama karata nyingine. Nasema tu.