Nyumba ya urithi Kihesa, Iringa: ninunue au nikajenge Igumbilo?

Mama Neema

Kamwene wadau. Naomba ushauri, hasa kwa mnaoijua Iringa mtaa kwa mtaa.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Miomboni. Nimepanga Ipogolo mwaka wa kumi na moja sasa, na kila asubuhi napanda mlima na daladala. Akiba yangu imefika milioni 34. Nimeonyeshwa nyumba Kihesa, jirani na soko: vyumba vitatu, sebule, jiko la nje, tofali za kuchoma. Wanataka milioni 40, naona watashuka.

Kilichonivuta ni mtaa wenyewe. Nilipokwenda mara ya pili nilimkuta bibi wa nyumba ya pili anapukuchua maharage barazani. Hakuniuliza mimi ni nani, alinisogezea kigoda kwanza. Akanionyesha mparachichi wa uani, akasema ulipandwa mwaka ule alioolewa yeye. Mwanangu wa mwisho anaingia kidato cha kwanza mwakani, na mimi mara nyingi nafunga kazi giza limeshaingia. Pale najua kuna mtu mzima atakayemwona akipita. Igumbilo kiwanja nitapata kwa bei nafuu, lakini nitajenga kwa miaka mingapi? Rafiki yangu alianzia huko, amekwama kwenye lenta, na mvua za misimu miwili zimeshakula tofali zake.

Mambo mawili yananinyima usingizi. Chumba cha nyuma nilisogeza kabati: rangi inabanduka kama maganda ya kitunguu, chini yake kuna unga mweupe. Niliweka kiganja, ukuta ni mbichi. Na huu ni Agosti, mvua iliisha zamani! Juu ya dirisha kuna ufa uliozibwa kwa saruji ukafunguka tena, ukucha wangu unaingia.

La pili, mwenye nyumba ni marehemu. Ameacha watoto watatu. Anayeuza ni kaka mkubwa, ana muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi na muhuri wa mtaa. Dada yao aliyeko Songea hajasaini, kaka anasema "huyo hana neno". Anataka nitangulize milioni 5 Ijumaa hii, eti kuna mteja mwingine.

Baba Tumaini, Mlandege

Dada, hiyo hela usiitoe. Nakuomba sana.

Mwaka 2016 nilinunua nyumba ya urithi kwa muhtasari kama huo huo. Mwaka wa pili mdogo wao akaibuka, nikaletewa wito wa mahakama. Miezi kumi na minne nahudhuria, duka nimemwachia mke wangu na mtoto mchanga mgongoni. Nyumba ilibaki kwangu, ila fungu la yule mdogo nilililipa mimi, maana kaka yake alikuwa ameshamaliza pesa yote.

Kikao cha ukoo kinapendekeza tu. Msimamizi wa mirathi anateuliwa na mahakama. Mwambie akupe barua ya usimamizi, kisha nenda mwenyewe kwenye mahakama iliyoitoa ukaulize kama shauri hilo lipo. Kama kuna hati na bado ina jina la marehemu, msimamizi asajiliwe kwanza kwa Msajili wa Hati, ndipo akuhamishie. Fanya upekuzi wa kiwanja, yaani kumbukumbu zake ofisi ya ardhi. Ulizia pia kodi ya ardhi: ya majengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU tangu 2021, lakini ya ardhi inalipwa kivyake na watu huisahau miaka na miaka.

Na mama yao je? Hujamtaja. Kama yu hai, anaishi wapi?

Fundi Kitwiru

Unga huo ni chumvi, inapandishwa na maji kutoka chini. Nyumba nyingi za zamani hazikulazwa nailoni kati ya msingi na ukuta. Ila kwa Agosti ningeshuku bomba au karo la maji machafu. Usiku fungeni koki zote, soma mita ya maji, rudia alfajiri. Ikiwa imesogea, bomba linavuja ardhini.

Ufa ubandikie karatasi nyembamba kwa gundi, andika tarehe. Ikichanika, ukuta bado unatembea. Na mizizi je: huo mparachichi uko hatua ngapi kutoka ukutani?

Mama Neema

Hatua nne, Fundi. Mpangaji aliyemo alinisaidia kufunga koki jana usiku. Alfajiri mita ilikuwa imesogea.

Baba Tumaini, swali lako la mama lilinikaa kooni. Nilirudi kwa yule bibi, akanipa namba ya dada wa Songea. Nilipompigia alikaa kimya muda mrefu, kisha akalia. Hakuwa na habari kwamba nyumba inauzwa. Mama yao yuko hai, anaishi kwake huko huko Songea, na kila msimu bado anaulizia parachichi zake.

Kaka nimemwambia Ijumaa sileti kitu. Amekata simu. Dada anasema mwisho wa mwezi watapanda basi na mama waje wakae na ndugu wote, halafu waende mahakamani. Nyumba bado naitaka, na nikiuziwa mti ule siukati. Fundi, siku hiyo njoo na sururu uchimbe pale kwenye mita. Mama yao awepo, aone mwenyewe kilichoko chini kabla hatujataja bei.