Wanunuzi wanagonga mlango kila wiki: tuuze nyumba ya marehemu baba au tubaki mtaani?

Mtoto wa Pili (mleta mada)

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri wa kweli, hata kama utauma.

Marehemu baba alituachia nyumba kwenye mtaa wa zamani, karibu na katikati ya jiji. Mama anaishi vyumba vya mbele, uani kuna wapangaji, na baadhi yao wamekuwepo tangu sisi tuko shule ya msingi. Mtaa wenyewe ulikuwa umesahaulika. Barabara mbovu, mvua ikinyesha maji yanafika vizingitini, ukitaja unakoishi watu wanakuonea huruma. Kisha ikajengwa barabara nzuri na mtaro mkubwa, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Nyumba za majirani zimenunuliwa moja baada ya nyingine na kuvunjwa, yamesimama maghorofa yenye mageti na walinzi. Watu tuliokuwa tunaazimana ngazi na kuangaliana watoto wamehamia pembezoni, wengine hata namba zao hazipatikani tena.

Kaka mkubwa anataka tuuze sasa, bei ikiwa juu. Mdogo wetu wa kike akisikia neno kuuza analia. Mama hasemi kitu, ila dalali akifika anainuka na kuingia ndani. Mimi niko katikati. Pesa ingetusaidia sana, sifichi. Lakini wapangaji wetu hawatapata chumba kingine hapa kwa kodi wanayolipa, na karibu wote wanakwenda kazini kwa miguu.

Tuuze, tubaki, au kuna njia ya tatu? Na mtaa ukishaanza kubadilika hivi, huwa unarudi?

Kalamu Nyeusi

Pole mkuu. Mimi ningeuza. Mama anazeeka, matibabu yatakuja, na nyumba yenye warithi wengi huwa inazidi kuleta ugomvi kadiri miaka inavyokwenda. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakiacha kuzikana kwa sababu ya uwanja. Gaweni mkiwa bado mnapendana.

Dalali Mstaafu

Kalamu Nyeusi hajakosea kuhusu ugomvi, ila usiuze kwa haraka ya mtu mwingine. Kazi hii nimeifanya muda mrefu, acha nikueleze inavyokwenda.

Anayekuja kwenu hanunui nyumba. Ananunua ardhi, na ile nyumba kwake ni gharama ya kubomoa. Kwa hiyo akianza kukuonyesha nyufa za ukuta na bati lenye kutu, ujue anakuvuta kwenye bei ya nyumba ili usifikirie bei ya kiwanja. Nenda ofisi ya mipango miji uulize eneo lenu linaruhusiwa ghorofa ngapi na kwa matumizi gani. Kisha mtafute mthamini wenu wenyewe, mumlipe nyinyi, asiletwe na mnunuzi wala dalali. Hapo ndipo mtajua mnachoshika mkononi.

Jambo la pili, hati ina jina la nani? Kama bado ni la marehemu na mirathi haijafunguliwa, hakuna wa kuuza kihalali, wala asiwepo wa kupokea "kishika uchumba" chochote. Mbinu ya zamani ni kumtafuta mrithi mwenye shida zaidi, anapewa fedha kidogo, anasaini karatasi, halafu ile karatasi inakuja kuwagawa. Mwambie kaka yako hili kwa upole, usimtuhumu.

La tatu, angalieni ramani ya viwanja vinavyowazunguka. Kama mnunuzi mmoja ameshachukua kulia na kushoto, kiwanja chenu kina thamani kubwa kwake kuliko kwa mtu yeyote. Ila mkikataa moja kwa moja anaweza kubadilisha mchoro akajenga bila nyinyi, mkabaki mmezingirwa na kuta.

Ramani

Umeuliza kama mtaa huwa unarudi. Mara nyingi haurudi. Ruth Glass, mwanasosholojia aliyeandika kuhusu London mwaka 1964, aliona mitaa ya wafanyakazi ikichukuliwa na watu wa tabaka la kati, na akasema jambo hili likishaanza katika eneo huenda kwa kasi mpaka wakazi wengi wa mwanzo wawe wameondoka na sura yote ya mtaa imebadilika. Ni zaidi ya miaka 60 sasa na bado maneno yake yanaeleza unachokiona dirishani.

Kwa nini wameufuata mtaa wenu na si mwingine? Mwanajiografia Neil Smith alilieleza hili mwaka 1979. Mtaa ukitelekezwa muda mrefu, kile ardhi inachoingiza kinashuka. Wakati huohuo jiji linapanuka, na kile ambacho ardhi hiyohiyo ingeweza kuingiza kwa matumizi mengine kinapanda. Pengo hilo ndilo faida ya mnunuzi. Barabara na mtaro vilipojengwa, pengo likawa kubwa kiasi cha kuwaita wenye fedha. Wakazi mlivumilia matope miaka yote hiyo, na faida ya kukauka kwake inachukuliwa na aliyefika juzi. Hilo linaniuma hata nisipoujua mtaa wenu.

Hesabu Kwanza

Naomba nipinge kidogo, si kwa ubaya. Tunasema "watu wanafukuzwa" kana kwamba ni hivyo kila mahali. Mwaka 2004 Lance Freeman na Frank Braconi walichapisha utafiti kuhusu New York, wakakuta kaya maskini kwenye mitaa iliyokuwa inapanda hadhi zilikuwa na uwezekano mdogo wa kuhama kuliko kaya maskini kwingineko jijini. Mtaa ulikuwa unabadilika kwa sababu wanaohama kwa sababu zao za kawaida walikuwa wanafuatwa na watu wenye kipato kikubwa zaidi. Huduma zikiboreka, mkazi wa zamani naye anapenda kubaki.

Kwa hiyo mama akibaki si lazima aumie. Ana barabara, ana mtaro, usiku kuna taa.

Mpangaji wa Zamani

Hesabu Kwanza, New York ina sheria zinazozuia kodi kupanda ovyo kwenye nyumba nyingi. Mpangaji aliyelindwa na sheria anaweza kubaki akafurahia taa. Mpangaji anayekaa kwa maneno ya mdomo anapewa mwezi mmoja.

Nilihamishwa kwenye mtaa wa namna hiyo. Mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya, aliuza tu. Chumba nilipata kingine, tena kikubwa zaidi, lakini mbali. Nauli ikala kile nilichokuwa naweka akiba. Jirani aliyekuwa anampokea mwanangu akitoka shule hakuwepo tena, ikabidi nipunguze saa za kazi. Duka nililokuwa nachukua kwa deni mpaka mwisho wa mwezi nililiacha kule, na huku nilikohamia hakuna mwenye duka aliyenijua. Vitu hivi havikai kwenye hesabu ya mtu yeyote, na ndivyo vilivyokuwa vinanishikilia nisianguke.

Mtoto wa Pili, umetuuliza sisi tusiokujua. Wapangaji wako umewauliza? Hata kama mtauza, wana haki ya kulisikia kwenu kabla hawajalisikia kwa tingatinga.

Mtoto wa Pili

Asanteni sana. Mpangaji wa Zamani, nimekusikia, sikuwauliza. Nimezungumza kwanza na mama. Amesema hataki kufia kwenye mtaa asikomjua mtu, ila hataki pia kuwa sababu ya sisi kubaki maskini. Nilipomuuliza anachotaka yeye, akasema anataka kusikia watu uani asubuhi.

Kaka naye amekuja na wazo la ubia: mwekezaji ajenge ghorofa juu ya kiwanja chetu, sisi tupewe baadhi ya nyumba. Mdogo wetu anataka vyumba vya uani tuvipangishe kwa watalii kupitia mtandaoni. Mnasemaje?

Ramani

La watalii liangalieni kwa makini. Linalipa kwa muda, lakini ndilo linalomaliza wakazi kimyakimya, na mamlaka za miji zimeanza kuchoka nalo. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba haitahuisha leseni za nyumba za kupangisha watalii zikifika ukomo mwaka 2028, nazo ni takriban 10,000. New York ilianza kubana upangishaji wa namna hiyo Septemba 2023. Na mama alitaka watu uani, si mabegi ya magurudumu yanayopita.

Njia ya tatu ipo, ingawa inahitaji majirani. Boston, Marekani, kuna mtaa wa Dudley ambako wakazi walijiunga katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1988 jiji likawapa uwezo wa kutwaa viwanja vilivyoachwa wazi. Ardhi inamilikiwa na chombo cha wakazi wenyewe, mtu anamiliki nyumba juu yake kwa mkataba mrefu, na akiuza, bei ina kikomo ili anayefuata naye aimudu. Hapa Afrika Mashariki, wakazi wa Tanzania-Bondeni huko Voi, Kenya, walichagua utaratibu wa namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990: ardhi ya jamii, majengo ya mtu mmoja mmoja. Na San Juan, Puerto Rico, watu wa kando ya mfereji wa Martín Peña waliona mapema kwamba mfereji ukisafishwa wao ndio wataondolewa. Sheria ya mwaka 2004 ikawawekea ardhi mikononi mwa jamii kabla kazi ya kusafisha haijafika. Hao walikuwa na mtaro kama wenu, tofauti ni kwamba walijipanga mapema.

Kwenu mmechelewa kwa mtaa mzima. Lakini kama zimebaki hata nyumba chache zinazopakana, kaeni nao. Mkizungumza na mnunuzi pamoja hamtauziwa uoga mmojammoja.

Dalali Mstaafu

Ubia unaweza kuwa mzuri kuliko kuuza, na unaweza kuwapotezea kila kitu. Kinachoua ubia ni hati. Mwekezaji atataka kuiweka rehani benki apate fedha za kujengea. Akishindwa kulipa, benki inachukua kiwanja chenu na nyinyi mnabaki na mchoro wa ghorofa. Hati ibaki kwa jina la familia, isiwekwe rehani bila saini zenu zote, na bora isiwekwe kabisa. Mkataba utaje nyumba zenu kwa namba na ghorofa, siyo "asilimia" ya hewani. Utaje tarehe ya kumaliza, fidia ya kila mwezi akichelewa, na nani anamlipia mama kodi wakati wa ujenzi.

Mwanasheria awe wenu. Wa mwekezaji ni wa mwekezaji.

Mpangaji wa Zamani

Na wapangaji waandikwe humo. Kwa mfano, wa uani wapewe nafasi ya kwanza kurudi, kwa kodi inayojulikana tangu leo. Jiji la Washington, Marekani, lina sheria tangu mwaka 1980 inayowapa wapangaji wengi nafasi ya kwanza ya kununua nyumba inapouzwa. Kwenu sheria kama hiyo huenda haipo, lakini hakuna anayewazuia kuiweka kwenye mkataba wenu kwa hiari.

Hesabu Kwanza

Hapo tunakubaliana kabisa. Ahadi ya mdomo mwekezaji ataisahau msingi ukishamwagwa. Hata kanuni za serikali zisiwape usingizi: Berlin iliweka kikomo cha kodi mwaka 2020, mwaka uliofuata mahakama ya katiba ikakifuta, na wapangaji wengi wakadaiwa tofauti yote. Mkataba wenye saini na shahidi ndio wa kushika.

Mtoto wa Pili

Nimekopi kila kitu. Jumamosi tunakaa kikao cha familia, nitawaita na wapangaji wawili waliokaa muda mrefu zaidi, na jirani wa nyuma ambaye bado hajauza. Kaka amekubali kusubiri tukimaliza mirathi kwanza. Nitaleta mrejesho.

Dalali Mstaafu

Vizuri. Kabla ya Jumamosi nenda masijala ya ardhi uhakiki hati haina deni wala zuio, na uwe na nakala mkononi. Usiende kikaoni na picha ya kwenye simu.