Maskati tunakwenda kumtafuta babu. Bibi nani atamtafuta?

Mwanzisha mada, Wete

Assalaam alaykum jamaa. Nna jambo nataka tulijadili bila ya kutukanana.

Mwaka juzi ami yangu alinichukua Oman "nikaone kwetu". Tukafika Ibra. Nikaoneshwa nyumba ya udongo ya wazee, dari imeshaanguka, na falaj inayopitisha maji mitendeni mpaka leo. Sebuleni kwa mwenyeji wetu imetundikwa shajara ya ukoo: fulani bin fulani bin fulani. Wa nne kutoka kwa baba yangu ndiye aliyekuja na kaskazi, baada ya kimbunga cha 1872 kung'oa mikarafuu ya Unguja na watu kukimbilia mashamba ya Pemba. Nililia, sisemi uongo. Usiku nikaipitia tena ile shajara. Haina mwanamke hata mmoja.

Bibi yangu mzaa baba, Mungu amrehemu, alikuwa akitwambia kwamba babu huyo alizaa na suria, yaani mjakazi aliyewekwa kinyumba na bwana wake. Alikuwa Mnyasa, mtu wa upande wa Ziwa Nyasa, aliyepitishwa Kilwa angali mtoto. Bibi alimuwahi akiwa kizee, ana chale usoni. Sote sisi tumetokana na tumbo lile. Jina aliloitwa Pemba alipewa na waliomnunua. La kwao halijui mtu.

Sheria inajulikana: mtoto wa suria huzaliwa huru, nasaba yake ni ya baba, na hurithi sawa na nduguze. Ilikuwa rehema kwa mtoto, lakini upande wa mama ukakatika hapo hapo. Haikuwa kwa wakulima tu. Mama yake Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alikuwa Mhabeshi, mama yake Sayyida Salme, dada yake Barghash kwa baba, Mcherkesi, na wao tunawataja kwa jina la baba yao. Barghash huyo huyo ndiye aliyetia saini mwaka 1873 soko la watumwa lifungwe. Amri ya 1897 ya kuondoa utumwa ikawaacha masuria nje. Wao walingoja mpaka 1909.

Sasa hoja yangu. Kila mwenye uwezo hapa akisema anakwenda "kwao", anakwenda Oman, Hadhramaut ya Yemen au Ngazija ya Komoro. Aliyefunga mzigo kwenda Kilwa, Tabora au Ujiji, walikopitishwa watumwa, kwa nia hiyo hiyo, mimi sijamsikia. Boti ya Dar es Salaam ni saa mbili tu kutoka Unguja! Mimi nasema tunaona haya, na haya hiyo si haki kwa bibi zetu.

Mchangiaji, Chake Chake

Dada, wewe unasema haya, mimi nasema mapokezi. Maskati nimekwenda mara tatu na sikufuata babu wala shajara. Shangazi yangu yuko kule tangu miaka ya sabini, Sultan Qaboos aliposhika nchi 1970 na kuwaita wenye asili ya huko warudi. Nikishuka uwanja wa ndege nnapokewa kwa Kiswahili, nalala kwake, nakula pweza wa nazi kama niko Pemba. Nikishuka basi Kilwa nani ananijua? Mtu huenda kwenye mlango wa kugonga.

Mwanzisha mada

Hilo la mlango nalikubali, kaka yangu, na nikiri sikulifikiria. Lakini tuulize pia ule mwengine ulizibwa na nani. Shangazi yako ana wa kumtaja. Mnyasa wetu aliletwa peke yake.

Mchangiaji, Malindi

Mimi nakupingeni nyote wawili. Mama yangu Mngazija, baba yangu watu wake wa Shihr, Hadhramaut. Ngazija ukoo unafuata mama, nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye anayehamia. Nilipofika Moroni swali la kwanza lilikuwa "mama yako binti wa nyumba gani?" Wiki mbili nzima nazungushwa kwa mama wakubwa na mama wadogo. Shihr sijatia mguu, wala hata kabla ya vita vya Yemen haikunijia kwenda, na baba yangu hana cha kumuonea haya. Mtu husafiri upande ambao mila yake inauhesabu. Huo mwengine unalala tu.

Mzee, Ng'ambo

Mwanangu wa Wete, mimi zama za siasa, miaka ile ya vyama kabla ya Mapinduzi, nilikuwa kijana, nikaziona kwa macho yangu. Tuliulizana kabila mpaka madukani. Huyu hanunui kwa yule, yule anamfukuza huyu shambani kwake. Kilichofuata Januari 1964 mnakijua. Bibi zangu Wamanyema, watu wa bara, najua vizuri, na sijafika Ujiji wala sina nia. Nimeamua mimi Mzanzibari, basi. Mkianza kila mmoja kufuata kabila lake, mtatonesha kidonda. Upande huo uacheni ulale, kama alivyosema huyo wa Malindi.

Mwanzisha mada

Shikamoo mzee wangu. Khofu yako naiheshimu, maana wewe ulikuwepo na mimi sikuwepo. Ila naona hatukunyamaza sote. Waliokuwa na shajara waliendelea kuitundika ukutani na kuwapeleka watoto wao Ibra. Walionyamaza ni wa upande wa bibi. Ningekuwa nakwenda kutafuta kabila la kujitambia ungenikataza na ningekutii. Mimi namtafuta mtu mmoja.

Na wa Malindi amenisaidia kuliko anavyojua. Kama Ngazija mtu anatajwa kwa nyumba ya mama yake, basi kumbe kuhesabu upande mmoja ni mazoea, na mazoea watu huyabadilisha.

Nataka niseme na hili, ambalo sikulisema mwanzo. Mwezi uliopita nilikwenda. Boti ya Mkoani mpaka Unguja, nyengine mpaka Dar, kisha basi la kusini mpaka Nangurukuru, halafu Kilwa Kivinje. Hakuna aliyekuja kunipokea; kaka wa Chake Chake hapo alisema kweli. Nimekuta pwani ya mikoko na nyumba za mawe zilizoporomoka, nikakumbuka ile dari ya Ibra. Nikawasalimia wazee waliokuwa wamekaa barazani, nikawaeleza. Mmoja akaniuliza chale zake zilikuwaje, kwa sababu watu wa huko juu hawakuchanja namna moja, na pengine kwa hizo angeweza kukisia alitokea upande gani. Akanipa kijiti nichore mchangani.

Nikashika kijiti nikashindwa. Bibi alinitajia chale zile zaidi ya mara ishirini, na mimi sikuwahi kumuuliza zimesimama au zimelala, ngapi, paji la uso au mashavuni.

Aliyebaki ni shangazi yangu yuko Konde, ana zaidi ya miaka themanini, na siku nyengine hanijui mpaka nijitaje. Ijumaa baada ya sala nnakwenda kwake, na karatasi na kalamu.