MALALAMIKO: Miksi mpya ya DJ mkongwe wa Chuga, hii si kazi ya kutuuzia

Wakuu, wapenzi wa hausi na amapiano hapa Arusha bila shaka mmeshaisikia miksi mpya ya mkongwe wetu, ile inayouzwa kwenye flashi kwa shilingi 15,000. Jina simtaji, mnamjua. Nasema wazi: hii kazi haijachanganywa. Nyimbo zimepangwa, kitufe cha singki (kinacholinganisha mapigo ya nyimbo chenyewe) kikabonyezwa, kompyuta ikaachiwa, na hakuna aliyekaa kusikiliza maungio, pale wimbo mmoja unapotoka na mwingine kuingia, kabla ya kuanza kuuza.

Nendeni dakika ya 17. Hausi ya tempo 128 (mapigo kwa dakika) inaungwa moja kwa moja na amapiano ya 113. Ili zikutane, hausi imeshushwa ghafla karibu asilimia 12. Ukishusha hivyo bila kufunga ufunguo (kuzuia noti zisishuke pamoja na kasi), wimbo unazama nusu toni mbili na zaidi kidogo, mwimbaji anakuwa mzito. Ukiufunga, kama alivyofanya yeye, programu inaikata sauti vipande vidogo na kuvirudia ili kuziba nafasi, ndiyo maana sauti ya yule dada inatetemeka na kiki, ile ngoma nzito ya chini, imekosa nguvu. Njia za kupita zipo na anazijua: shuka taratibu kwa nyimbo za 124, 120, 116, au subiri ngoma zikae kimya, uingize amapiano ikianza na kayamba tupu.

Dakika ya 31 ndiyo iliyoniudhi zaidi. Logidramu (ngoma-besi ya amapiano) ya wimbo unaoingia inakaa palepale ilipo besi ya unaotoka, chini ya hezi 100. Mawimbi yakienda pamoja, sauti inavimba. Yakipingana, yanafutana na spika inabaki tupu. Dawa yake hufundishwa mapema kabisa: wimbo unaoingia uje besi ikiwa imekatwa, mapigo 32 yaishe, kisha kata ya unaotoka na ufungue ya unaoingia kwa mpigo uleule. Hapa besi zote mbili zimeachwa wazi dakika nzima! Tena gridi ya mapigo, yaani alama za programu zinazoonyesha kila mpigo ulipo, imekaa vibaya, kiki moja inaitangulia nyingine kidogo, unasikia farasi anakimbia badala ya ngoma. Singki hufuata gridi. Gridi ikikosewa, singki inakosea kwa uhakika kabisa. Kuisogeza kwa mkono kabla ya kurekodi ni kazi ya sekunde chache kwa wimbo.

Funguo nazo hazikuangaliwa. La maina kuingia Si bemoli maina, funguo zinazogongana kwa nusu toni, waimbaji wote wawili wakiwa hewani, jamani?

Halafu yale mapengo. Miksi ni safari moja, lakini hii imekatwa kuwa faili za MP3, na MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni mwa kila faili. Redio nyingi za vifodi (daladala ndogo) haziuruki, kwa hiyo kila wimbo ukibadilika mdundo unajikwaa. Angetoa faili moja refu, tatizo lisingekuwepo.

Baadhi ya nyimbo ni MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde, zile ambazo hi-hati (matoazi) zake juu ya hezi 16,000 hazipo kabisa, halafu zimegandamizwa tena upya. Na kote limita, kizuizi cha kilele cha sauti, imekandamizwa mpaka kiki na sauti ya mtu vimelingana. Kama lengo lilikuwa kelele, Spotify kwa kawaida hurudisha kila kitu kwenye LUFS -14 hivi (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo huko kelele yenyewe haifiki, kinachobaki ni uharibifu.

Vijana wengi wa Njiro na Kijenge wamejifunza kushika mashine kwa kumtazama huyu mtu. Sasa hii ndiyo wanaiga?

Tunachotaka: arudie maungio, aanze na hayo mawili, atafute nakala safi za nyimbo, limita ilegezwe, itolewe WAV moja (faili la sauti lisilogandamizwa), na waliokwisha kulipa wapewe bila kuongeza hata mia. Mwenye namna ya kumfikishia, amfikishie.

Nawasilisha.