Uchuuzi wa mibofyo: bima, afya au ufundi wa nyumbani? Na tovuti moja au kumi?

Kibuyu_Kitupu (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Nimetenga fedha kidogo nijaribu kununua wageni kwa matangazo ya bei ndogo, niwapeleke kwenye tovuti yenye matangazo yanayolipa zaidi, tofauti iwe yangu. Nimepekua Keyword Planner (kifaa cha Google cha kukadiria bei ya maneno ya matangazo) wiki nzima na nimebaki na mada tatu:

A. Bima na mikopo. Makadirio ya bei ya mbofyo huku yako juu kuliko kwingine kote nilikopita.
B. Afya: maumivu ya mgongo, usingizi, kisukari.
C. Ufundi wa nyumbani: bomba linalovuja, ukungu ukutani, kupaka rangi.

Pia sijaamua kama nijenge tovuti moja kubwa au vitovuti kumi, kila kimoja na mada yake finyu. Moyo wangu uko kwenye A, na kumi. Nipingeni. Nawasilisha.

BintiHesabu

Nakupinga kuanzia hapo hapo kwenye Keyword Planner. Ile bei hulipwa na kampuni inayogombea nafasi kwenye matokeo ya utafutaji, pale mtu ameandika kwa mkono wake kwamba anataka bima. Nafasi hiyo huna. Ulicho nacho ni nafasi katikati ya makala, na tangazo linalotokea hapo mara nyingi linamfuata msomaji mwenyewe. Kama jana alikuwa akitazama viatu, ataonyeshwa viatu ndani ya makala yako ya bima. Ndiyo maana watu hushangaa neno la bei kubwa kuwaletea senti.

Halafu tangu mapema 2024 AdSense, mpango wa Google unaowalipa wenye tovuti kwa kuweka matangazo, imeacha kulipa kwa mbofyo, inalipa kwa onyesho, yaani kila tangazo linapoonekana. Kwa hiyo jiulize mgeni mmoja atakuachia kiasi gani kabla hajaondoka. Chukua mapato ya kurasa 1,000, gawa kwa 1,000, zidisha kwa idadi ya kurasa anazofungua. Tuseme kurasa 1,000 zinakuingizia dola 20 na mgeni anafungua 1.8 kwa wastani. Hapo umepata senti 3.6. Ukiwa umemnunua kwa senti 5, kila anayeingia anaondoka na senti 1.4 yako, na ukiongeza wageni unafilisika haraka zaidi. Akifungua kurasa 3 ni senti 6, unabaki na moja. Mada ni ile ile na bei ya kununua ni ile ile.

Basi zipime A, B na C hivi: msomaji ana sababu gani ya kwenda ukurasa wa pili?

Mzee_wa_Modemu

Binti kasema. Mimi niliikuta biashara hii ikiwa changa. AdSense ilipokuja 2003, ulikuwa unanunua mbofyo AdWords (leo Google Ads) kwa senti chache, unamtupia mtu ukurasa wenye aya mbili na matangazo matatu, unakwenda kulala. Tuliuita ulanguzi, bila aibu. Baadaye Google wakaanza kupima ubora wa ukurasa anaopokelewa mgeni, kurasa mbovu zikapandishiwa bei ya kununua, na 2007 akaunti nyingi za mtindo ule zikafungwa.

Vitovuti kumi ni mawazo ya enzi hizo, kijana wangu. Leo kila kimoja kitataka kukaguliwa na kuidhinishwa, kiwe na faili lake la ads.txt linalotaja nani anaruhusiwa kuuza matangazo yake, sera yake ya faragha, kasi yake kwenye simu. Na wageni wako wachache ukiwagawa mara kumi, hutajua kipi kinakula hasara kwa ubovu na kipi kwa bahati mbaya tu. Jenga moja.

dawa_ya_usiku

B nimeifanya miezi minane. Wageni walikuwa rahisi kuwapata, hasa kupitia Taboola na Outbrain, mitandao ya matangazo yanayofanana na habari chini ya makala, na walisoma kweli. Mtu mwenye maumivu ya mgongo saa nane usiku anasoma mpaka mwisho. Shida iko upande wa kuuza. Google hairuhusu wenye matangazo kumlenga mtu kwa sababu ya ugonjwa wake, kwa hiyo ushindani juu ya msomaji huyo unapungua, na wewe unapata kidogo.

Kilichonitoa kabisa ni vichwa vya habari. Kichwa cha kweli hakibofywi. Kinachobofywa ni cha kutisha. Siku moja nilijikuta naandika cha tano cha kumtishia mtu figo zake, nikafunga kompyuta.

Kona_ya_Tatu

Mnaikandia A mno. Ni kweli makala ya "bima ni nini" haimpeleki mtu popote. Ila weka kikokotoo cha mkopo: abadilishe miaka, abadilishe riba, alinganishe, arudi kesho. Huyo anafungua kurasa kuliko msomaji wenu wa bomba. Shida yangu na C ni kwamba mtu mwenye maji sakafuni hana muda wa kusoma, anataka kujua valvu iko wapi.

BintiHesabu

Kwa bomba nakubali, kaka. Kwa ukungu sikubali. Ukungu una chanzo, una namna ya kuusafisha, una rangi ya kupaka baadaye, una swali la kwa nini umerudi. Hizo ni kurasa nne ambazo mtu anazitaka bila kulazimishwa. Ndani ya C kuna mada za dharura na mada za mradi. Nunua wageni wa mradi tu.

Kikokotoo ni wazo zuri, ila fedha ina masharti zaidi. Kwa anayelenga Marekani, Facebook huweka matangazo ya mikopo kwenye kundi maalumu na kukupunguzia namna za kuchagua nani ayaone. Kwa anayeanza ni kujifunga miguu.

Mzee_wa_Modemu

Na msidhani kuongeza kurasa maana yake ni kukata makala vipande ishirini vya slaidi. Chama cha watangazaji cha Marekani, ANA, kilitoa uchunguzi wake 2023 na kuonyesha kwamba tovuti zilizojengwa kwa ajili ya matangazo tu zilichukua 21% ya maonyesho ya matangazo waliyochunguza na 15% ya fedha zake. Tangu hapo wanunuzi wengi wa nafasi za matangazo wanazikwepa. Dalili wanazotazama ni matangazo yaliyojazana na wageni wa kununuliwa karibu wote. La pili hutaliepuka, basi la kwanza liepuke. Sera ya Google Ads nayo inakataa ukurasa ambao kazi yake kuu ni kuonyesha matangazo.

Kibuyu_Kitupu

Nimenyooka. C, miradi, tovuti moja. Niliwaza dola 20 kwa siku za kununua wageni. Faida ya wiki ya kwanza naweza kuizungusha wiki ya pili?

dawa_ya_usiku

Huwezi, ndugu. Kadi yako inakatwa sasa, AdSense inalipa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata, tena ukiwa umefikisha dola 100. Ulichotumia 1 Machi kinaanza kurudi 21 Aprili. Kwa dola 20 kwa siku, zaidi ya dola 1,000 ziko nje kabla ya senti kurudi. Na kile unachokiona kwenye dashibodi ni makadirio. Wakigundua mibofyo batili wanakata. Mimi nilikatwa vibaya baada ya kununua wageni wa bei poa kwenye mtandao mmoja ambao sitautaja. Ilikuwa roboti tupu.

Kibuyu_Kitupu

Basi dola 5, na ukungu peke yake. Makala nne nimeshaanza.

BintiHesabu

Weka alama tofauti kwenye kiungo cha kila tangazo ujue mgeni katoka lipi. Lisilofikisha kurasa 2 kwa mgeni baada ya wageni 300, lizime.

Kona_ya_Tatu

Na kikokotoo cha lita za rangi kwa ukubwa wa ukuta. Hicho nitakuandikia mimi, nitumie ujumbe.