Tupeane uzoefu: vivutio vya Italia, unaingiaje na unakwamia wapi

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Picha za Colosseum, ule uwanja wa kale wa michezo wa Roma, kila mtu anazo kwenye simu, hazihitaji uzi. Hapa tuwekeane yale ambayo mtu huyajua akiwa ameshafika mlangoni na kurudishwa: tiketi ipi, inatoka lini, mlango upi, nini hakiruhusiwi, na sababu yake. Uzi ni wa Italia peke yake. Tukiingiza Ufaransa na Hispania hatumalizi leo. Bei huwa zinapanda, kwa hiyo hakikisha kabla hujalipa.

Naanza na Colosseum yenyewe. Tiketi ya kawaida ni euro 18 na inakuingiza sehemu tatu ndani ya saa 24: Colosseum, Foro Romano (magofu ya uwanja mkuu wa Roma ya kale) na kilima cha Palatino. Ile saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya Colosseum tu. Ukichelewa, nafasi imekwenda. Foro na Palatino unaingia muda wowote ndani ya hizo saa 24, na zimeungana, ukitoka huwezi kurudi tena. Tovuti rasmi inafungua mauzo siku 30 kabla ya tarehe yako. Msimu wa joto zinaisha haraka kwa sababu watu wanaoruhusiwa ndani kwa wakati mmoja ni 3,000 tu, na mawakala nao wanazigombania. Ukikuta mtu anakuuzia kwa euro 50 na zaidi, soma vizuri: mara nyingi ni tiketi ileile ya 18 iliyoongezewa mwongozaji.

Tangu Oktoba 2023 tiketi ina jina la mtu, na mlangoni wanalilinganisha na pasipoti. Sisi wenye majina matatu tuwe makini hapo. Jaza kama yalivyo kwenye ukurasa wa picha wa pasipoti, si kama unavyoitwa kazini.

Sanduku la safari haliingii, na hakuna pa kuliacha. Usipange kupitia pale ukitoka uwanja wa ndege. Chupa za kioo pia huzuiwa.

mzigo mdogo

Nyongeza hapo. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi makumbusho na magofu ya serikali ni bure: Colosseum, Uffizi ya Florence, hata Pompeii, ule mji wa kale uliofukiwa na volkano karibu na Napoli. Lakini siku hiyo Colosseum hakuna kuweka nafasi mapema, ni foleni tu. Wenye muda wa siku mbili Roma wasiitumie siku hiyo, nusu yake itaishia juani.

Na jambo la kufunga. Wakati wa baridi Colosseum inafungwa saa kumi na nusu jioni, wa kiangazi saa moja na robo usiku, na mtu wa mwisho anaingia saa moja kabla. Anayekwenda Desemba akiwa na ratiba aliyoazima kwa mtu aliyekwenda Julai, atakuta geti limefungwa.

ngazi 551

Mimi nichukue Vatican, maana huko ndiko watu hupotea zaidi.

Kanisa la Mtakatifu Petro na Makumbusho ya Vatican ni milango miwili tofauti kabisa. Kanisa unaingilia kwenye uwanja mkubwa wa mviringo, kuingia ni bure, foleni ni ya ukaguzi wa mizigo. Makumbusho, ambako ndani yake kuna Kanisa la Sistine, mlango wake uko Viale Vaticano, upande wa kaskazini wa ukuta. Kutoka uwanjani ni robo saa au zaidi kwa miguu kuufuata ukuta. Mtu mwenye tiketi ya saa tatu asubuhi anasimama foleni ya kanisa mpaka saa tatu na nusu, akifika mbele anaambiwa siyo hapa. Kwa metro, shuka Ottaviano au Cipro, laini A. Cipro ndiyo karibu zaidi na mlango wa makumbusho.

Tiketi ya makumbusho ni euro 20, na ukiweka nafasi mtandaoni unaongeza 5. Hizo 5 zilipe. Jumapili wanafunga, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi ambayo ni bure na hufunga mapema mchana. Msichanganye na ile ya kwanza aliyoitaja mdau hapo juu: Vatican ni nchi nyingine, haifuati kalenda ya Italia.

Jumatano asubuhi Papa akiwa Roma huwa na hadhara uwanjani, na kanisa halifunguliwi kwa watalii mpaka mchana. Kama hadhara ndiyo unayoitaka, tiketi zake ni bure, hazinunuliwi kwa mtu.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Kanga begani inatosha kabisa, nayo haichukui nafasi kwenye begi.

Ndani ya Sistine picha haziruhusiwi na kelele haziruhusiwi. Dari aliyoichora Michelangelo kati ya 1508 na 1512 iko juu yako kama mita 20, kwa hiyo darubini ndogo ya mfukoni ina maana kuliko kamera. Anza kutazama upande wa mlango wa kuingilia watalii, juu ya madhabahu, ambako kuna Hukumu ya Mwisho aliyoimaliza 1541. Ukifananisha miili ya ukutani na ya darini utaona mkono wa mtu aliyezeeka: ya ukutani ni minene, mizito, na imebanana.

Swali

Wadau, hilo jina la ngazi 551 ni la nini? Na mwenye magoti mabovu anapanda kuba la Mtakatifu Petro au asijisumbue?

ngazi 551

Ndiyo idadi ya ngazi mpaka juu ya kuba, dada. Kuna lifti, lakini inakufikisha kwenye paa tu. Baada ya hapo zinabaki kama 320 ambazo hazina lifti. Sehemu ya mwisho inapita kati ya ganda la ndani na la nje la kuba, kwa hiyo ukuta unainama na wewe unatembea umelala upande, na mwisho kabisa ni ngazi ya kuzunguka yenye kamba badala ya reli. Njia ni ya kwenda tu, huwezi kugeuka katikati. Kwa magoti mabovu, panda lifti, ishia kwenye paa, utaona kuba kwa karibu na sanamu za mitume kwa nyuma. Inatosha.

Kuba la kanisa kuu la Florence ni gumu zaidi kwa mtu huyo: ngazi 463, lifti hakuna, na lazima uchague saa wakati wa kununua. Saa ikipita haibadilishwi.

fundi zege

Mnaisahau Pantheon, hekalu la kale la Roma lenye kuba, kwa sababu haina makeke. Kwangu mimi ndilo jengo la kwanza Roma, Colosseum baadaye.

Kuingia kulikuwa bure mpaka Julai 2023. Sasa ni euro 5. Nusu saa inatosha ukijua unachotazama. Simama katikati. Upana wa kuba ni mita 43.3, na kutoka sakafuni hadi kwenye tundu la juu ni mita 43.3 vilevile, yaani mpira mzima ungeingia humo ukagusa chini. Ni zege tupu, haina nondo hata moja, na mpaka leo hakuna kuba kubwa kuliko hilo la zege lisilo na nondo. Siri iko kwenye kokoto: chini walitumia mawe mazito, kadiri wanavyopanda wakaweka mepesi, juu kabisa ni mawe ya volkano yenye matundu. Ukuta wa kuba nao unapungua unene ukienda juu. Vile visanduku vilivyochimbwa darini ni urembo, lakini pia vinapunguza uzito.

Tundu la juu halina kioo, na mvua inaingia. Mvua ikinyesha, badala ya kukimbilia hotelini nenda Pantheon: maji yanaanguka katikati na kuondoka kupitia vitundu vidogo vya sakafuni. Sakafu imeinuliwa kidogo katikati ili maji yasituame. Kitundu kimoja kinaweza kukupita usikione, tafuta pale ambapo marumaru imelowa halafu maji yanapotea.

Saa ya kwenda: mchana jua likiwa juu, utaona duara la mwanga likitembea ukutani. Tarehe 21 Aprili, siku ambayo Roma huihesabu kuwa ya kuzaliwa kwake, mwanga huo saa sita mchana unapiga mlangoni.

mzigo mdogo

Umenena, fundi. Toka hapo utembee mpaka chemchemi ya Trevi, dakika kama 10. Nenda kabla ya saa moja asubuhi au usiku sana. Saa nyingine unaona migongo ya watu. Usiingize mguu majini, ni faini. Ngazi za Hispania, zilizo hapohapo Roma, pia: tangu 2019 kukaa juu yake ni faini ya mpaka euro 250. Watu hawaamini mpaka wapigiwe filimbi.

Maji ya kunywa usinunue. Roma ina mabomba ya barabarani kama 2,500, yanaitwa nasoni, yanamwaga maji safi mchana na usiku. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yataruka juu kupitia kitundu kilicho mgongoni mwa bomba, unakunywa bila kuinama.

Tahadhari ya wachomoaji: Termini (kituo kikuu cha treni), metro laini A, na basi namba 64 la kwenda Vatican. Simu mfuko wa mbele, begi kifuani. Halafu kuna wale wa bangili za uzi. Wakiona Mwafrika wanakuja na "hakuna matata" wakikuomba mkono. Usitoe mkono. Ikishafungwa inadaiwa pesa. Kuwajibu kwa Kiswahili fasaha kunawachanganya kidogo, lakini usisimame.

reli ya chini

Pompeii, maana wengi hupanda treni isiyo yenyewe.

Ukifika Napoli Centrale shuka chini, kituo kinaitwa Napoli Garibaldi. Hapo ni Circumvesuviana, reli nyingine, tiketi yake inanunuliwa hukohuko chini. Panda ya kwenda Sorrento, ushuke Pompei Scavi - Villa dei Misteri, safari kama dakika 35 hadi 40. Ukipanda ya Poggiomarino utashushwa Pompei Santuario, upande wa pili wa mji. Na kituo kinachoitwa Pompei tu, cha reli ya serikali, kiko mbali na Porta Marina, lango la kuingilia magofu. Behewa hubanana, angalieni mifuko.

Tangu Novemba 2024 wanaingiza watu 20,000 kwa siku na tiketi ina jina, kwa hiyo pasipoti ibebwe. Begi kubwa liachwe mlangoni.

Eneo ni hekta 66, na theluthi moja bado imefukiwa. Kivuli hakuna. Njia ni mawe meusi ya volkano yaliyolainishwa na magurudumu, ndala zinateleza. Raba yenye soli nene. Maji yapo, mabomba yamewekwa kwenye birika za mawe za kale.

Watu hudhani lava iliuzika mji. Siyo. Mwaka 79 kwanza zilinyesha changarawe nyepesi za volkano kwa saa nyingi, mapaa yakaanguka kwa uzito. Kisha ikaja hewa ya moto yenye majivu ikashuka mlimani kwa kasi. Majivu yaligandamana kuzunguka miili, miili ikaoza, yakabaki matundu. Mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli akaanza kumimina plasta kwenye matundu hayo, ndiyo maana unaona mikunjo ya nguo na vidole vimekunjwa.

Kama una saa tatu tu: uwanja wa Foro, tanuri la mikate lenye mawe ya kusagia, kisha barabara kuu ya Via dell'Abbondanza. Hapo inama utazame mifereji ya magurudumu kwenye mawe na yale mawe makubwa ya kuvukia. Nafasi kati yake imepimwa ili magurudumu ya mkokoteni yapite. Villa dei Misteri iko nje ya ukuta, iweke mwisho.

mwana wa pwani

Venice kwa ufupi. Kwa treni shuka kituo cha Santa Lucia, siyo Mestre, Mestre iko bara. Boti ya abiria, vaporetto, ni euro 9.50 kwa dakika 75. Laini 1 ndiyo ya taratibu inayopita Mfereji Mkuu wote. Ukiipanda mara tatu kwa siku, pasi ya siku ya euro 25 inakulipa. Gondola ina bei rasmi: euro 90 kwa nusu saa mchana, 110 usiku, na ni bei ya chombo kizima, siyo ya kichwa. Mkiwa watu watano gawanyeni.

Baadhi ya siku za Aprili hadi Julai mgeni wa kutwa hulipa ada ya kuingia mjini, euro 5 ukiwahi, 10 ukichelewa. Anayelala Venice halipi, ila lazima ajisajili apate msimbo wa kuonyesha. Masanduku mazito hayapendezi, kila daraja lina ngazi.

Swali

Na Pisa? Inafaa kweli?

fundi zege

Nusu siku, ukiwa njiani kwenda Florence. Kituo cha San Rossore kiko karibu na ule mnara ulioinama kuliko Pisa Centrale. Mtoto wa chini ya miaka 8 haruhusiwi kupanda. Uliinama kwa sababu udongo wa upande wa kusini ni laini, na ulifungwa 1990 hadi 2001 wakautoa udongo kidogo kidogo upande wa kaskazini ili urudi nyuma. Kwa fundi, hiyo kazi inavutia kuliko picha ya kuuegemeza kwa mkono.

ngazi 551

Karamu ya Mwisho, mchoro wa ukutani wa Leonardo da Vinci, Milan: dakika 15 ndani, Jumatatu wamefunga, tiketi ndizo ngumu kuliko zote mlizotaja. Kwa hiyo nunua hiyo kwanza, ratiba nyingine zote ziizunguke. Aliipaka kwenye plasta kavu badala ya mbichi, rangi ikaanza kubanduka mapema, ndiyo maana wanaingiza wachache na kupitia milango inayochuja vumbi.

Mwanzisha uzi

Asanteni. Kwa wanaoomba viza: Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Italia, ni euro 90 kwa mtu mzima, bima isiyopungua euro 30,000, na unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Tiketi za vivutio zisizorudishwa pesa msinunue kabla viza haijatoka. Ya Colosseum inatoka siku 30 kabla, kwa hiyo omba mapema ili viza iitangulie. Mwenye Sicily aweke, hasa Agrigento.